Mti wa Bundala

Jani la kwanza lilidondoka siku ile ile Constantine alipokunywa chai sebuleni kwa Nyanjige kwa mara ya kwanza. Nyanjige mwenyewe asingelikumbuka, maana nani ana muda wa kuangalia majani wakati mwanamume anayempenda amekaa mbele yake anapuliza kikombe? Lakini mama mkwe wake, Milembe, alilikumbuka. Aliliokota, akalifuta kwa pindo la kitenge chake, akalichomeka kwenye fremu ya picha ya marehemu mwanawe ukutani, kisha akarudi kuketi bila kusema neno. Na bibi yule akinyamaza, ujue kuna jambo.

Tangu hapo mti haukupumzika. Kila asubuhi Nyanjige alipofagia alikusanya majani chini ya dirisha, ya njano na ya kijani pamoja, na kila asubuhi Milembe alisimama pale na bakora yake akimtazama anavyoyazoa, kama mtu anayeshuhudia wizi.

Mti wenyewe ulikuwa fikasi, mtini wa mapambo, ule wa majani madogo yanayong'aa na shina lililosukwa kama nywele za mtoto wa shule. Bundala aliununua Mwanza mwaka waliooana, akaupakata kwenye basi hadi Bariadi. Abiria walimcheka hadi machozi, Msukuma mzima na mabega yake yale, amekumbatia mti kama mtoto mchanga! Yeye akawa anawaomba tu wafunge dirisha, eti upepo unauumiza. Alipoufikisha nyumbani, mtaa wa Somanda, akauweka karibu na dirisha la sebule, akampa mkewe masharti. Usiusogeze ovyo, ukizoea mahali unachukia kuhamishwa. Usiumwagilie kwa mazoea, chomeka kidole kwanza, udongo ukiwa mkavu ndipo uupe maji. Ufute majani kwa kitambaa kibichi, nao unapumua.

"Huu mti ni kama wewe tu," alimtania. "Ukiusukumasukuma unanuna."

Milembe alipokuja kutoka Lalago kuwatembelea alichuma jani moja, akaona utomvu mweupe ukitoka kwenye kikonyo. Akaangua kicheko. "Mwanangu! Umeleta mlumba ndani ya nyumba? Tena kwenye chungu?" Kwao Lalago mlumba, mtini mkubwa wa porini, ulisimama katikati ya mji wao tangu enzi za babu yake Bundala, na chini yake ndipo ukoo ulipozungumza na waliotangulia. Ule wa Lalago ulikuwa mkubwa wa kufunika zizi la ndama. Huu wa Bundala ulifika kifuani tu, lakini ulitoa maziwa yale yale.

Baada ya ajali iliyomchukua Bundala, Milembe hakuucheka tena. Bundala hakuacha mtoto, na hakuwa na ndugu wa tumbo moja. Baada ya matanga, mama yake alikuja Bariadi kumliwaza mkwewe kwa juma moja, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Wanawake wale wawili walilia pamoja, wakapika pamoja, wakazoeana hadi watu wa pale Nyanjige anaposhonea nguo wakadhani ni mama yake mzazi. Na kila kulipokucha Milembe aliusalimu mti kabla hajamsalimu mtu yeyote.

"Mwangaluka, Bundala."

Halafu akaja Constantine na shati lake la kupunguzwa mikono.

Alikuwa mfugaji wa Nyakabindi, mwenye ng'ombe wa maziwa na pikipiki ya kubebea madumu, mtu mpole wa kucheka kwa macho. Shati lile lilipunguzwa, likarudishwa likazwe kifungo, likarudishwa tena, hadi Nyanjige akamuuliza kama hana shati lingine duniani. "Ninayo mengi," Constantine alisema, "ila hili ndilo linalojua njia ya huku." Nyanjige akajikuta anacheka, na kicheko kile kilimshtua, alikuwa amesahau sauti yake. Alimpenda. Tuseme tu wazi, alimpenda hadi sindano ikamchoma kidole kwa kusikiliza mlio wa pikipiki.

Constantine naye hakuwa mtu wa kujificha. Alitaka ndoa, kanisani, na alitaka Milembe aishi nao. Ndiyo maana, wiki kadhaa kabla hajakaribishwa chai sebuleni, alikuwa ameanza kumletea mama yule jagi la maziwa kila asubuhi. Alilikabidhi mlangoni kwa mikono miwili, akiwa ameinama kidogo.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka."

Basi, inaishia hapo. Anayewajua wazee wa Lalago anaelewa uchungu wa salamu hiyo. Mzee akikuitikia hakuachi hewani. Anakuuliza, "Ng'wana nani?" Mtoto wa nani wewe? Ukishamtaja baba yako, jina hilo ndilo atakalokuitia, na hapo umekuwa mtu kwake. Nyanjige aliulizwa siku ya kwanza tu, na mpaka leo kwa mama mkwe wake yeye ni Ng'wana Maige. Constantine alisalimu masika yote na kiangazi kikaanza, hakuulizwa. Milembe alimwita "yule wa maziwa."

Lakini jagi lilirudi tupu kila siku. Hilo liliwapa moyo.

"Amekunywa?" Constantine angeuliza kwenye simu.

"Yote. Hata povu hajaacha."

"Basi anakuja. Pole pole, lakini anakuja."

---

Jumapili hiyo, walipotoka misani, Milembe hakwenda kubadili nguo. Alisimama mbele ya mti akiwa bado na kitenge chake cha WAWATA, sare ya akina mama wa kanisa. Matawi ya upande wa juu yalikuwa matupu, yamebaki vijiti.

"Ng'wana Maige, kaa nikwambie."

Nyanjige akakaa.

"Nimempigia shemeji yako Mwandu. Jumapili ijayo atakuja na gari kunichukua."

Mwandu alikuwa mtoto wa baba mkubwa wa Bundala, ndiye aliyebaki kuangalia mji wa Lalago. Nyanjige akasogea karibu. "Kukuchukua wapi, mayu?"

"Nyumbani. Mimi na mti wangu. Kama utakuwa hai niupande pale penye mwenzake. Kama utakuwa umekufa, nitazika vijiti."

"Mayu, kule utakaa na nani? Nyumba imefungwa. Mwandu ana mji wake ng'ambo ya bonde. Ukiugua usiku utamwita nani?"

"Na hapa nikae nione nini?" Sauti ya bibi haikupanda, na hilo ndilo lililotisha. "Mwanangu aliota hapa dirishani akastawi. Siku mwanamume mwingine alipokalia kiti chake, akaanza kupukutika. Mimi sijui kusoma, Ng'wana Maige, lakini hilo nimelisoma."

"Ni mti, mayu. Miti inaugua."

"Mbona hakuugua mwaka jana? Mbona hakuugua mwaka juzi?"

Nyanjige aliutazama mti. Alikuwa ameshachomeka kidole kwenye udongo mara ngapi, akaukuta umelowa, akaacha kuumwagilia, na bado umelowa. Alikuwa amefuta majani hadi yakang'aa, nayo yakadondoka yakiwa yanang'aa. Mwishoni alimshika yule mama magoti.

"Unataka nifanye nini? Sema. Nimwambie asije tena?"

Milembe alimtazama. Macho yake yalikuwa na huruma, wala si uongo, na huruma hiyo ilimuumiza Nyanjige kuliko matusi.

"Mimi siwezi kukuambia uishi peke yako. Wewe bado kijana. Nimekuambia tu kwamba siwezi kukaa nitazame mwanangu akifa mara ya pili." Akachukua bakora yake. "Nakwenda jumuiya, kwa Mama Justina. Usiniwekee chakula."

---

Constantine alipofika alimkuta Nyanjige amekaa sakafuni na lundo la majani kwenye upande wa kanga. Hakuuliza. Alichuchumaa mbele yake, akamfuta machozi kwa dole gumba lake gumu. Macho yao yalipokutana Nyanjige ndiye aliyekwepa.

"Anaondoka, Kosta. Kwa sababu yetu."

"Anaondoka kwa sababu ya mti."

"Kwake ni kitu kimoja."

Constantine alisimama akauzunguka mti. Alipinda kijiti kimoja, hakikukatika. Akainama karibu na chungu, akanusa, akakunja uso.

"Huu udongo ulibadilishwa lini?"

"Haujawahi. Bundala alisema usisumbuliwe."

"Basi leo tutausumbua. Kama mizizi imeoza, tutaikata tubadilishe udongo. Tukiuacha hivi hautafika hiyo Jumapili."

"Mama akitukuta?"

"Mama akiukuta umekufa itakuwaje?"

Waliuburuta hadi uani, wakatandika gunia. Constantine akaulaza mti, akagonga kingo za chungu, akavuta shina taratibu kama mtu anayezalisha. Mti ukatoka na bonge lake la udongo, na harufu ikatoka nao.

Nyanjige alirudi nyuma akiziba pua. Constantine hakuziba. Alibaki amepiga magoti, na Nyanjige akaona rangi ikimtoka usoni. Alichukua udongo kidogo akausugua kati ya vidole. Ulikuwa na mabonge meupe yanayoteleza.

"Nyanjige."

"Nini hicho?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nimezaliwa ndani ya harufu hii." Alinyanyua mkono wake. "Haya ni maziwa. Yamegandia humu, yameoza. Mengi. Ya muda mrefu."

Wote wawili wakageuka. Jagi lilikuwa pale kwenye kichanja cha vyombo, limeoshwa, limefunikwa kifudifudi. Jagi linalorudi tupu kila siku.

"Hajanywa hata tone," Constantine alisema hatimaye. "Alikuwa anampa Bundala."

"Kosta…"

"Nimeamka alfajiri mvua na jua. Nimemkamulia ng'ombe ninayempenda kuliko wote, nikasema haya ni ya mama. Nikarudi njiani naimba, Nyanjige! Mtu mzima naimba barabarani kwa sababu jagi limerudi tupu. Kumbe namnywesha marehemu."

"Hakufanya kwa ubaya. Kwao mlumba unapewa maziwa. Wa kule umepewa maziwa miaka yote na upo."

"Ule upo ardhini! Mvua inauosha. Huu uko kwenye chungu, ataupa maziwa yaende wapi?" Alisimama, akafuta mkono mmoja kwenye suruali. "Na sasa hivi akirudi tunamwambia. Si mimi ninayemuua mwanawe. Ni maziwa. Basi, kesi imekwisha."

"Hapana."

Constantine alidhani hakusikia vizuri. "Hapana nini?"

"Hutamwambia." Nyanjige alishangaa sauti yake ilivyokuwa tulivu. "Umwambie nini? Kwamba yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kila asubuhi anamsalimu mwanawe halafu anamuua? Yule mama hana mwingine, Kosta. Alichobaki nacho ni kule kumpa. Ukimnyang'anya hicho, hata hiyo Lalago hatafika."

"Kwa hiyo mimi niwe mchawi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Umesema nibaki mkosi wa nyumba hii ili yeye abaki na amani." Macho yake, yale ya kucheka, yalikuwa yamelowa. "Nikuulize kitu, na usinijibu kwa kunihurumia. Kama Bundala angekuwa hai ningekaa kando, ningekuheshimu. Lakini amekufa, Nyanjige. Kila siku nakuja kwenye nyumba hii nagombana na mtu ambaye siwezi kumkuta wala kumsalimu. Hivi wewe umemwacha? Au na wewe unamnywesha?"

Neno lile lilimpata mahali asipopategemea. Nyanjige alitaka kumpiga, alitaka kumkumbatia, alitaka kumwambia kwamba ndiyo, kuna asubuhi na yeye huusalimu mti, kimoyomoyo. Akafumbua mdomo.

Na mlango wa uani ukafunguliwa.

Kumbe Mama Justina alikuwa na msiba, jumuiya imeahirishwa. Milembe alisimama mlangoni na rozari mkononi. Aliona gunia. Aliona chungu kitupu. Aliona mti umelazwa ubavu, mizizi yake myeusi iko nje, na watu wawili wamesimama juu yake na udongo mikononi.

"Mmemfukua mwanangu!"

Bakora ikaanguka. Nyanjige alimkimbilia, akamkumbatia kabla hajaenda chini.

"Mayu, sivyo, tulikuwa tunautibu…"

"Mmemfukua! Mchana kweupe! Hamkungoja hata niondoke!"

Kutoka juu ya bega la bibi, Nyanjige alimtazama Constantine. Alimwomba kwa macho tu. Constantine alimtazama yeye, akautazama mti, akautazama mkono wake wenye mabonge meupe. Kisha taratibu akauficha mkono ule nyuma ya mgongo.

"Ni mimi, mama," alisema.

Milembe akainua kichwa.

"Ni kosa langu. Siku ile ya kwanza nilipokuja, nilikisogeza chungu. Nilitaka… nilitaka kiti changu kikae karibu na dirisha. Miti hii haitaki kusogezwa. Mwanao alimwambia Nyanjige, na Nyanjige aliniambia, mimi nikapuuza. Ndiyo maana umepukutika. Leo nikataka kuurekebisha kwa siri ili usijue. Nyanjige hana kosa." Akainamisha kichwa. "Usiende Lalago, mama. Nitakayeondoka ni mimi. Sitakuja tena hapa."

Aliinama kumwokotea bakora, akaiegemeza ukutani karibu naye kwa mkono wake safi. Hakumtazama Nyanjige. Mlango wa uani ulifungwa nyuma yake polepole, kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyompasua Nyanjige moyo. Laiti angeubamiza.

---

Walibaki wawili na mti. Nyanjige alimkalisha Milembe kwenye kigoda, akakaa chini karibu na gunia, akaanza kulia bila sauti, huku anaondoa mizizi iliyooza kwa mkasi wake wa kushonea. Hakujua afanye nini kingine. Alikuwa ameshinda na ameshindwa kwa wakati mmoja. Mama atabaki. Na kila asubuhi atamwamkia mama huyo kwa mapenzi, huku moyoni anajua bei yake.

"Anasema alikisogeza chungu," Milembe alisema baada ya muda.

Nyanjige alitikisa kichwa kukubali. Hakuweza kusema uongo ule kwa mdomo wake.

"Mimi nasimama pale kila siku ukishaondoka kwenda kushona. Kuna duara sakafuni, saruji imeweka alama. Chungu hakijatoka kwenye duara lile tangu Bundala alipokiweka."

Mkasi ukasimama.

Bibi aliteremka kwenye kigoda, akapiga magoti kwa shida kwenye gunia. Alichukua udongo, akaupeleka puani. Akaushusha. Akaunusa tena.

"Nimekamua ng'ombe tangu nikiwa binti mdogo," alisema. "Harufu hii mnafikiri nitaisahau?"

"Mayu…"

"Nyamaza kidogo, Ng'wana Maige."

Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi jekundu uani. Milembe alishika shina lile lililosukwa, akalipapasa kutoka chini kwenda juu, anavyopapaswa mtoto mwenye homa. Karibu na kifundo cha katikati alisimama. Akakwangua gome kwa ukucha.

Kwa muda haikuonekana kitu. Halafu tone jeupe likajitokeza, likavimba, likateremka kwenye kidole chake.

Aliliangalia hadi likaanza kukauka.

"Kumbe una maziwa yake," alisema. "Una yake mwenyewe. Na mimi nilikuwa nampa, nampa…" Sauti ikakatika, na kwa mara ya kwanza tangu matanga Milembe akalia kama watu wanavyolia, mdomo wazi, bila kuficha uso. Nyanjige alimshika. Walikaa hivyo, wamekumbatiana juu ya udongo wenye harufu mbaya.

Alipotulia, bibi alijifuta kwa kitenge.

"Yule aliona?"

"Aliona, mayu. Yeye ndiye aliyetambua."

"Akajisingizia."

"Ndiyo."

"Anadanganya vibaya sana." Milembe akavuta pumzi. "Bundala naye alikuwa hajui kudanganya."

Bibi akageuza uso upande wa mlango, akatega sikio.

"Pikipiki yake imeondoka?"

Ndipo Nyanjige alipogundua. Mlio ule unaomfanya ajichome sindano, ule anaoutambua kati ya pikipiki zote za Bariadi, hakuusikia. Muda wote ule hakuusikia.

Aliinuka, akafungua mlango wa uani kwa mikono michafu. Constantine alikuwa amekaa juu ya pikipiki, ufunguo mkononi, anautazama tu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alipomwona Nyanjige alishtuka, akajaribu kuutia ufunguo, ukamponyoka ukaanguka mavumbini.

"Nilikuwa naondoka," alisema.

"Najua."

"Siwezi kurudi ndani, Nyanjige. Nimeshatoa neno langu."

Kabla hajamjibu, sauti ilitoka nyuma yake, uani, imekwaruzwa na kilio lakini ina nguvu ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka mbali.

"Mwadila!"

Constantine aliduwaa. Milembe hakuwahi kumwanza kwa salamu, ya asubuhi wala hii ya mchana. Alishuka kwenye pikipiki bila kujua kwamba anashuka, akaondoa kofia.

"Mwadila, mayu."

Nyanjige alisimama katikati yao, mgongo kwenye nguzo ya mlango.

"Ng'wana nani?"

Constantine akatazama chini kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mabula, mayu. Ng'wana Mabula."

"Ng'wana Mabula." Bibi alilirudia jina lile polepole. "Mti wa mwanangu utapona?"

Lilikuwa swali jepesi kwa mwanamume anayetaka kukubalika. Neno moja tu lingemtosha. Constantine alimtazama Nyanjige, na safari hii Nyanjige hakumwomba chochote.

"Sijui, mayu," alisema. "Umeumia sana. Sijui."

"Hapo umesema kweli," Milembe akaitikia kutoka uani. "Ingia uushike upande wa huku, mimi mgongo umechoka."